Mwaka wa nne tunaishi ukutani mwa kituo cha utafiti, hatujui wanatafiti nini

Mzabibu wa Kati

Wakuu, mbukwa. Naomba mnivumilie, maelezo ni marefu.

Nakaa nje kidogo ya Jiji la Dodoma, njia ya Singida. Kiwanja nilinunua 2017, wakati serikali inahamia huku na bei ya ardhi inapanda kila ukilala na kuamka. Mbele ya kiwanja palikuwa na pori la miiba, mibuyu miwili na njia ya ng'ombe ya kwenda bwawani. Nilijenga kidogo kidogo, nikahamia na familia, nikapanda mizabibu robo eka, nikaanza na mbuzi sita.

Halafu ukaja ukuta. Tofali za saruji, kimo cha watu wawili, juu seng'enge ya miba iliyoviringishwa. Geti ni moja tu, la chuma, rangi ya kijivu. Kibao chake kina neno UTAFITI, kina namba, na chini yake imeandikwa kwamba kupiga picha ni marufuku. Hakina jina la taasisi wala namba ya simu. Mbuyu mmoja ulibaki ndani, mmoja nje, na njia ya ng'ombe ikafa.

Ndani kuna majengo mawili marefu yasiyo na madirisha, mnara wenye taa nyekundu, na jenereta ambazo zikiwaka usiku vyombo vinatetemeka kabatini. Malori ya kontena huingia saa nane usiku. Na kuna king'ora. Kinalia dakika moja hivi, siku zisizo na mpangilio. Mara ya kwanza tulitoka wote nje na watoto mgongoni, tukasimama barabarani hatujui tukimbilie wapi. Siku hizi kikilia tunaendelea kula. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko lile la kwanza, kwa sababu siku kikilia cha kweli tutakuwa tumekaa na matonge mkononi.

Sasa niwaambie habari ya bomba. Chini ya ukuta, upande wa korongo, limetoka bomba la plastiki jeupe, unene wa mkono. Linatoa maji usiku na mchana. Ukiyatazama ni masafi, hayana harufu, ila ni ya uvuguvugu. Asubuhi za mwezi wa saba, baridi ya Dodoma mnaijua, mvuke unapanda pale korongoni utadhani kuna mtu anachemsha. Pembeni mwa maji udongo umefanya utando mweupe kama magadi, na mbuzi wanaupenda huo utando kupita kiasi. Wanaulamba mpaka niwavute kwa kamba.

Niseme ukweli wote. Hakuna mtu aliyeugua nyumbani kwangu. Hakuna mbuzi aliyekufa. Sina ushahidi wa ubaya wowote na sitaki uzi huu uwe wa uzushi. Ila kila jioni nikikaa nje na mke wangu, tunajikuta wote wawili tunatazama upande ule ule na hakuna anayesema kitu.

Nimeuliza. Mwenyekiti wa mtaa anasema mambo yale yako juu yake. Getini niliambiwa niandike barua, nilipouliza niiandike kwa nani sikujibiwa. Mlinzi mmoja ni jirani yetu kabisa, alikuwa akija kwangu kunywa togwa, sasa ananiambia, "Kaka, tuongee mengine." Kijana mmoja wa mtaani alipata kibarua mle siku tatu. Simu aliiacha kwenye sanduku getini, akasaini karatasi ambayo hakupewa nakala, akabeba maboksi. Anachokumbuka ni kwamba ndani kuna baridi kali. Basi, hayo ndiyo tunayoyajua kwa miaka minne.

Kwa kuwa hatuambiwi, tunajijazia wenyewe. Mmoja anasema ni urani, yale madini ya nyuklia, mwingine virusi, mwingine mitambo ya kusikiliza simu. Jirani yangu wa kulia ameshaweka nyumba sokoni kwa bei ya kutupa. Naombeni ushauri wa mtu anayejua: nina haki ya kuuliza nini, nimuulize nani, na maji yale nifanyeje?

Saa Sita Juani

Mkuu, nakushauri kwa nia njema. Kuna maeneo yana ulinzi kwa sababu ya usalama wa nchi, na raia mwema hayachokonoi. Ungeufuta huu uzi mapema.

Mzabibu wa Kati

Nashukuru, najua unanitakia heri. Ndiyo maana sijataja jina la mtaa wala kuweka picha. Sihitaji kujua siri ya mtu. Kama maji yanayotoka kwake yanapita kwangu, hayo maji si siri tena, yameshatoka nje ya ukuta.

Mtoto wa Bahi

Kaka Mzabibu, haya uliyoandika sisi Bahi tunayafahamu vizuri, ingawa kwetu hakukuwa na ukuta. Kwetu walikuja watu na magari wakichoronga ardhi. Kwamba Bahi na Manyoni kuna urani si uvumi. Ilianza kuonekana kwenye utafiti wa miaka ya 1970 mwishoni, na baada ya bei kupanda duniani miaka ya 2000 kampuni za nje zikaja kuitafuta upya. Iko karibu na uso wa ardhi, kwenye udongo wa chokaa wa mabonde yetu haya ambayo maji yakiingia hayana pa kutokea. Kumbuka mto Bubu unaishia mbugani Bahi, haufiki baharini. Na mbugani hapo hapo ndipo tunapolima mpunga, tunapovua na kunyweshea ng'ombe.

Tulichoona ni mashimo membamba, vigingi vyenye utepe, na mifuko ya udongo iliyoandikwa namba. Hakuna aliyekaa na wazee akawaeleza kwamba kutafuta si kuchimba, na kwamba urani iliyolala ardhini kwa maelfu ya miaka ilikuwepo hata babu zetu walipokuwa wakinywa maji yale. Wala hakuna aliyetueleza nini kitabadilika wakianza kuchimba kweli. Yote mawili tulistahili kuambiwa. Matokeo yake mtoto akipata upele, ni urani. Mimba ikitoka, ni urani. Mnunuzi mmoja alikuja kwa mama yangu akataka kushusha bei ya mchele kwa kisingizio hicho hicho, mama akamwambia afunge gunia lake aende.

Mwaka 2011 ikatokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kule Japani, bei ya urani ikaanguka, wale watu wakapungua mpaka wakaisha. Mashimo yalibaki na maswali yetu yalibaki. Kwa hiyo usingoje wao waje kusema. Uliza sasa, wakiwa bado wapo wa kuulizwa.

Daktari wa Ng'ombe

Habari za jioni wote. Mimi ni daktari wa mifugo, nimezunguka sana Kongwa, Manyoni na Singida. Sijui kituo chako kinafanya nini na sitabahatisha. Baridi kali inaweza kuwa ghala la mbegu, inaweza kuwa sampuli za damu, inaweza kuwa mitambo ya kompyuta. Ila kuna visa viwili vya kwenye fani yangu ambavyo kila anayeishi jirani na maabara anafaa avijue.

Cha kwanza ni Uingereza, Agosti 2007. Shamba moja huko Surrey lilikutwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Kilomita chache kutoka pale kuna Pirbright, mahali ambapo kirusi cha ugonjwa huo huo kinatafitiwa na chanjo yake kutengenezwa. Walipopima, kirusi kilikuwa cha aina ya maabarani. Wakafuatilia kilitokaje. Jibu lililoonekana kuwa na uzito zaidi lilikuwa mabomba ya majitaka: yalikuwa ya zamani na yamepasuka, mvua zikanyesha kubwa mwezi wa saba, maji yakapanda juu ya udongo, na magari ya ujenzi yaliyokuwa yanaingia na kutoka yakaubeba udongo ule kwenye matairi mpaka barabara za mashambani. Sasa fikiria hilo. Wale ni wataalamu wenye milango miwili miwili, wanaooga kabla ya kutoka kazini, na kilichowaponyoka ni bomba. Lakini mwezi uliofuata ripoti ya uchunguzi ilikuwa hadharani, kila mfugaji anaweza kuisoma.

Cha pili ni Urusi, mji wa Sverdlovsk, ambao leo unaitwa Yekaterinburg. Aprili 1979 vimelea vya kimeta vilitoka na hewa kwenye kituo cha jeshi. Watu wasiopungua 66 walikufa. Serikali ya Kisovieti ikatangaza kwamba walikula nyama yenye ugonjwa. Kwetu sisi wa mifugo maelezo hayo yanaingia akilini, kwa sababu kimeta kweli hupatikana kwa kula kibudu, na ndiyo sababu uongo ule ulidumu. Mwaka 1992 ndipo Rais Boris Yeltsin akakiri kwamba chanzo kilikuwa jeshi. Watafiti wakaenda, wakaweka kwenye ramani mahali kila marehemu alipokuwa mchana siku moja ya mwanzo wa Aprili. Ukatokea mstari mwembamba unaofuata upepo wa siku ile, na kwenye mstari huo huo kondoo na ng'ombe walikuwa wamekufa vijijini hadi kilomita 50.

Miaka kumi na tatu familia zile zilikuwa zinajilaumu kwa nyama waliyonunua.

Ushauri wangu kwako ni mdogo. Wazuie mbuzi kulamba pale. Pengine ni chumvi tu, mbuzi wa Dodoma kiangazi wana njaa ya chumvi, wawekee jiwe la madini bandani uone kama watapunguza. Na andika kwenye daftari: mbuzi wangapi, nani kaharibu mimba, nani kakonda, tarehe gani. Siku ukihitaji kusema jambo, daftari litasema kabla yako.

Mlinzi Mstaafu

Nimesoma habari ya jirani yako mlinzi, imenigusa. Nililinda mahali pa namna hiyo miaka kumi na moja, mkoa mwingine. Msimchukie. Sisi walinzi tuliambiwa mambo mawili tu: nani aingie na nani asiingie. Kilichokuwemo hatukuambiwa. Mke wangu aliamini nakijua na ninamficha, tuligombana sana kwa hilo. King'ora kikilia sisi tulikuwa na karatasi ukutani inayosema tusimame upande gani wa geti. Karatasi kama hiyo lazima ipo pale kwenu. Muombeni uongozi nakala ya hiyo karatasi ya king'ora peke yake. Hilo ombi haliwezi kuitwa uchokozi.

Binti Mpwapwa

Mimi nimekulia jirani na utafiti, jamani, na sikuwahi kuogopa hata siku moja. Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo tangu enzi za Mjerumani. Pale ndipo alipotengenezwa ng'ombe wa Mpwapwa, damu ya zebu wetu ikichanganywa na Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi na wengineo, apatikane ng'ombe wa maziwa anayevumilia kiangazi chetu. Babu yangu alijua dume gani limezaa ndama wake yupi. Watoto wa watumishi tulisoma nao darasa moja. Ukitaka kujua wanafanya nini unaenda unauliza, unaonyeshwa malisho.

Nimekuwa nikijiuliza tofauti iko wapi, maana hata kule kulikuwa na uzio na dawa za sumu za kuogeshea. Nadhani ni kwamba kazi yao ilikuwa inarudi zizini kwetu. Hicho cha kwako, kaka, kinachukua ardhi na barabara na usingizi, halafu kinachorudi ni maji ya bomba.

Fundi Visima

Naongelea maji tu, ndiyo kazi yangu.

Maji ya uvuguvugu yanayotoka mfululizo mara nyingi ni maji ya kupoza mitambo. Maji hayo yanazungushwa, yanavukiza, yanazungushwa tena, na kila yakivukiza chumvi inabaki. Maji ya visima vya huku tayari yana chumvi ya kutosha, kwa hiyo utando mweupe usikushtue peke yake. Cha kuuliza ni dawa gani wanaweka kuzuia kutu na ukoga kwenye mabomba, maana hizo huwekwa karibu kila mahali penye mfumo wa namna hiyo.

Usidharau kwa sababu ni kidogo. Angalia visima vya Makutupora vinavyonywesha jiji tangu miaka ya 1950. Kina cha maji yake kimepimwa kwa zaidi ya miaka 50, na ilionekana kwamba maji ya chini hayajazwi kila msimu. Yanajazwa na mvua chache kubwa mno, kama ile El Niño ya 1997/98, kisha yanashuka miaka mfululizo. Kilichoingia ardhini huku kinakaa, hakuna mvua ya kila mwaka ya kukisafisha.

Fanya hivi. Chukua chupa safi nne. Mbili ujaze juu ya korongo kabla ya bomba, kama kuna maji, la sivyo tumia kisima cha jirani aliye upande wa juu. Mbili ujaze chini ya bomba. Andika saa na tarehe kwenye kila chupa, mjumbe wako awepo na asaini, ziweke kwenye ndoo yenye barafu na uzifikishe maabara ya maji siku hiyo hiyo. Chupa moja ya kila upande ibaki kwa mtu mwingine, isiwe kwako. Omba wapime chumvi, floraidi, nitrati na metali nzito. Floraidi ya juu usikimbilie kuwalaumu, Singida na Dodoma ni ya asili, Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vyetu vinavuka hapo. Ndiyo maana nasema chupa za juu na chini. Bila ya juu, utabishana mpaka uzeeke.

Na fanya kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Chimwaga Jioni

Niongeze upande wa sheria. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika ombi, na mwenye taarifa anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Inaruhusu kuzuia mambo ya usalama wa taifa, lakini kukataa nako ni jibu, na linatakiwa liwe na sababu kwa maandishi. Kuna pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaoguswa washirikishwe. Waulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama cheti kipo na kinasema nini kuhusu majitaka. Wasipokwambia uandike kwa nani, andika "Mkuu wa Kituo", peleka nakala mbili, gongesha muhuri kwenye nakala yako.

Kwa anayesema sayansi haiwezi kufanywa hadharani, kuna CERN, kituo cha kimataifa cha utafiti wa fizikia, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Handaki la kilomita 27, karibu mita 100 chini ya mashamba na nyumba za watu. Mtambo uliomo ulipowashwa 2008 kuna waliolia kwamba dunia itamezwa na shimo jeusi. Mkataba wa kuanzisha kituo kile, wa 1953, umeandika wazi kwamba hakitashughulika na mahitaji ya kijeshi na matokeo yake yatachapishwa. Mwanakijiji wa pale akiogopa, ana cha kusoma.

Na hapa kwetu tumeshaona gharama ya kutoongea. Mahindi ya WEMA ya kuvumilia ukame, yaliyobadilishwa vinasaba, yalianza kupandwa kwa majaribio ndani ya uzio Makutupora Oktoba 2016. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaagiza majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Kuna waliofurahi na kuna waliohuzunika, kila mmoja na sababu zake. Mimi kinachoniuma ni kwamba mkulima wa Dodoma, anayepoteza mahindi kwa jua karibu kila baada ya msimu, alikuwa wa mwisho kuulizwa anaogopa nini na anataka nini.

Mzabibu wa Kati

Wakuu, narudi baada ya wiki nne. Nimefanya karibu yote mliyosema.

Barua imesainiwa na kaya 41. Getini walikataa kuipokea siku ya kwanza. Siku ya pili tulienda wazee wanne, akina mama sita na mimi, tukakaa chini ya mbuyu ule wa nje bila kelele tangu saa mbili. Saa tano akatoka kijana mmoja mstaarabu, akajitambulisha kuwa wa utawala, akagonga muhuri. Akasimama nasi pale juani karibu nusu saa. Amesema maji yale ni ya kupoza mitambo na hayana madhara. Mama mmoja akamuuliza, "Mwanangu, mitambo ya nini?" Akainamisha kichwa, akasema hilo haruhusiwi. Sikumwona kama mtu mbaya.

Ombi la Mzee Mlinzi ndilo lililojibiwa kwanza. Jumatatu tumekuta karatasi imebandikwa getini: king'ora cha majaribio ni Jumatano ya kwanza ya kila mwezi saa nne asubuhi, kikilia wakati mwingine wowote watu waelekee upande wa barabara kuu. Mke wangu ameinakili kwa mkono na kuibandika jikoni juu ya jiko la mkaa.

Maabara wametoa sehemu ya majibu. Chumvi chini ya bomba ni zaidi ya mara mbili ya kisima cha juu, floraidi ni karibu sawa pande zote. Metali na zile dawa za kupozea bado. Chupa mbili za akiba ziko kwenye friji ya mwalimu mmoja wa mtaani, zimefungwa kwa gundi yenye saini ya mjumbe.

Daktari, jiwe la madini nimeweka bandani, wanalilamba, ila kamba bado sijawafungulia. Wanakunywa kwa ndoo. Zile siku 30 zimebaki tisa.